Daftari la Litimasi

Saba akishalala, mimi nageuka mtoto.
Penye umri naandika: miaka tisa.
Ile sitini na saba naificha chini ya shali,
navaa miwani, nabonyeza.

Miaka thelathini na minne nimefundisha kemia
hapa Chiatura, mji wa manganisi
na vibanda vinavyoning'inia kwenye waya juu ya bonde.
Sikuwahi kumpa mwanafunzi chupa
ambayo sijainusa mwenyewe kwanza,
kwa mbali, kwa kupunga kiganja, hivi.
Sasa nanusa tovuti.

Ya kwanza ilikuwa na sungura aliyevaa fulana.
Akaniamkia, akanifundisha kujumlisha.
Kwenye jumla ya tatu akauliza nakaa mtaa gani,
na je, yupo mtu mzima nyumbani?
Nikaandika daftarini: TINDIKALI.
Nikaipigia mstari mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Ya pili haikuuliza kitu.
Mtu anakata sabuni. Basi.
Anaikata ya kijani, anaikata ya waridi,
vipande vinadondoka laini, na kabla sijapumua
keshashika nyingine.
Nilipoinua kichwa, chai ilikuwa na ngozi juu
na saa ya ukutani ilikuwa imenipita.
Hakuna tusi humo, hakuna damu.
Ni ulimbo tu.
Ndege haoni ulimbo. Anaona tawi.

Husemwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.
Mamaye yuko Bari, Italia,
anamwogesha mama wa watu wengine
ili sisi tulipe umeme, viatu, na huu mtandao wenyewe.
Na ulimwengu siku hizi haungoji mtoto atoke nje;
umejikunja mfukoni mwake, una joto,
unatetemeka akiwa mezani.

Nimwambie asiguse? Nilijaribu, wiki moja.
Akaenda kutazama kwa Luka wa ghorofa ya nne,
ambaye ana kaka wa miaka kumi na saba
na mlango unaofungwa kwa ndani.

Kwa lugha yetu zipo chache, za kuhesabu kwa vidole.
Nyingine zimetafsiriwa na mashine:
nyangumi anaitwa "samaki mkubwa wa ofisi".
Tulicheka, Saba na mimi, hadi jirani akagonga ukuta.
Hiyo nayo niliiandika. Haina sumu. Haina akili.

Jumatano nikaikuta moja isiyo na sungura,
isiyo na sarafu za dhahabu zinazolia nikiondoka.
Sauti za ndege, na chini ya kila sauti
jina la aliyeirekodi, msitu, tarehe,
mvua ilikuwa inanyesha au la.
Mtoto fulani ameuliza: shorewanda huota ndoto?
Na mtu mzima mwenye jina amejibu:
"Hatujui bado."

Nikavua miwani, nikaifuta.
Muuza uongo hasemi hivyo.
Nikatazama karatasi yangu ya moyoni,
haikubadilika rangi, si nyekundu, si buluu.
Nikaandika anwani yote, herufi kwa herufi,
kwa mwandiko wangu wa ubaoni.

Jumamosi nikiponda jozi za mchuzi
nikalifungua daftari kutafuta kipimo cha siki.
Chini ya ndege, kwa penseli, mwandiko unaopanda mlima:

"Bibi, kompyuta inakumbuka kila kitu.
Jumanne saa saba usiku ulitazama mtaa mmoja wa Bari
mara kumi na moja.
Nyumba ya njano yenye dirisha lenye nguo.
Nimeipima. Sio tidikali.
Lakini usitazame peke yako."

Herufi moja imepungua kwenye neno tindikali.
Kalamu nyekundu ilikuwepo, mfukoni mwa aproni.
Nikaiacha humo.
Nikaita: Saba, nawa mikono,
leta na kiti chako.