Safu ya Saba

Kila alfajiri, kabla kahawa haijapoa,
naandika maji.
Ndiyo kazi yangu: kuandika maji
katika daftari la wahandisi wa jeshi,
Bwawa la Currin, Arkansas, chumba cha malango.
Safu ya kwanza kina, ya pili mvua,
ya tatu kiasi tulichokiruhusu kwenda zake.
Safu sita, kila moja na jina lake.

Mimi si askari. Viatu hivi nilinunua mwenyewe.
Babu yangu Thurlow ndiye aliyevaa magwanda
akaingia bondeni na kamba, darubini, bahasha za fidia,
akawaambia watu: mafuriko yatakoma,
taa zitawaka.
Hakusema uongo. Taa zinawaka.
Miji ya chini haijaelea tangu hapo.
Lakini ukweli nao una kimo;
wa kwake ulimfika kifuani tu.

Walio hai waliondoka kwa malori.
Wafu walihamishwa kwa orodha:
makaburi mia mbili na kumi na moja,
masanduku mapya ya msonobari, yote saizi moja,
maana kinachobaki cha mtu
hakidai tena urefu.
Namba mia na tisini: Stallcup, mtoto, hana jiwe,
chini ya mwerezi.

Mierezi ilikuwa miwili.

Hilo nililijua Agosti, mwaka wa ukame,
Bi Delphia Stallcup alipoingia ofisini
na miaka yake themanini na tisa.
Nikadhani amekuja kulalamikia kambi,
makopo ya bia, boti na kelele zake.
Wengi hulalamika. Ardhi ya Umma, kibao kinasema,
na umma husahau nepi zake ufukweni.
Kila Septemba tunaokota matairi;
mwaka juzi tulitoa mapipa manne ya sumu
kwenye machimbo ya zamani,
tumejifunika kama watu wanaokwenda mwezini.

Hakulalamika. Alisema,
"Walichimba chini ya mwerezi mwingine.
Nilikuwa na miaka minane, nikawaambia.
Yule bwana wa darubini akanipa peremende."

Peremende.
Kopo lake lipo mezani kwangu hadi leo.
Babu hakukosa peremende mpaka anakufa,
na hatukumwona hata siku moja akizila.

Nikamvika jaketi la kuelea, likammeza hadi masikio.
Kwenye fomu ya boti nikaandika: ukaguzi wa ufuo.
Nahodha alikuwa yeye.
"Hapa duka la Orvel.
Hapa palikuwa na mbwa mkali.
Punguza, pana kona."
Nikapunguza. Katikati ya maji matupu
nikakata kona.

"Simama."
Kipima kina kikasoma futi arobaini na moja.
"Ukame wote huu," akasema, "na bado."
Nikangoja maua, sala, chozi.
Akatoa chupa ya chai mkobani, akanimiminia mimi kwanza,
akauliza kama kambare wa siku hizi wanalika.
Nikamwambia mmoja kwa wiki, asizidishe,
wana zebaki.
Akacheka mpaka boti ikayumba.
"Mwanangu, kwa umri huu?"

Tulipofunga kamba gatini akanishika mkono.
"Utakuwa unaniambia?"
"Nini, bibi?"
"Kina chake. Si wewe unayeandika maji?"

Basi daftari sasa lina safu ya saba.
Jumatatu simu hulia.
"Hamsini na mbili," nasema.
"Mvua," anasema, na kukata.

Makao makuu wameleta barua:
safu hii haina jina, tafadhali eleza.
Nimeisoma mara tatu. Iko chini ya kopo.

Leo arobaini na saba, mbingu nyeupe, upepo hakuna.
Saa mbili kamili nafungua lango la tatu,
kwa amri, kwa ratiba, kwa saini yangu,
yashuke kidogo.