Karatasi ya Buluu

"Uma," kasema daktari wa meno, Hull,
nami nikauma karatasi yake ya buluu.
Doa moja tu: gego la kulia.
Upande wa pili meno hayajuani.

"Vua viatu. Simama wima."
Nilidhani nimesimama wima.
Bega moja juu, nyonga imekwenda upande,
na kisigino cha kiatu cha kushoto
kimelika peke yake.

Miaka sita nageuza wazee vitandani;
nikitukanwa, nafunga taya, nasema sawa.

Meno ya mbwa hayaumani.
Yangu huumana hadi alfajiri.

Kituo cha basi, upepo wa Humber.
Nikaachia taya. Likalia: ta.
Bega likashuka kidogo,
kama aliyetua ndoo
na hamkumbuki aliyemtwika.