Mtungi Uliojaa

Bukuru alitoka analia.
Butoyi alitoka kimya.
Kati yao zilipita dakika ambazo hakuna aliyezihesabu,
maana mkunga alikuwa mmoja
na taa ilikuwa ya simu yangu, asilimia tisa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Katubuka,
nyuma ya mashine ya kukoboa.
Usiku ule karakana ilikuwa na kufuli mbili,
na ndani, kwa mnyororo ukutani usije ukaanguka,
ulisimama mtungi wa oksijeni.
Umejaa. Ulishuka na treni Jumanne.

Najua. Ile ni ya chuma, si ya mapafu.
Nimeelezwa, nami nimewaeleza wengine
kwa sauti ya mtu aliyekubali.
Lakini ukiulizwa mwanao alikosa nini
na jibu limeegemea ukuta wako,
limeandikwa kwa rangi nyeupe, kilo na namba,
basi. Tuache.

Ana miaka saba. Miguu yake mkasi.
Mkono wa kushoto umefumba kitu
ambacho hajawahi kutuonyesha.

Shemeji alituma video kutoka Dar:
chumba kama pipa lililolazwa,
dirisha la duara, mlango wa kukazwa.
Mtoto anaingizwa, hewa inashindiliwa,
oksijeni tupu, saa nzima, mara arobaini,
na ubongo, wanasema, unaamka.
Nilisikia "unaamka."
"Wanasema" nililisikia wiki tatu baadaye,
nikiwa nimeshapiga hesabu kwa chaki mlangoni:
jenereta, grinda, kiwanja cha Mwandiga,
na mtungi.
Nauza oksijeni ninunue oksijeni.

Ansila, mikono myekundu ya mawese, alisema:
"Toka nipate akili nakamua.
Sijaona kikamulio kinachorudisha mafuta kwenye chikichi."
Akanawa. Akajifuta kwa kanga.
"Lakini kama unauza, uza. Sitakuzuia."

Leokadia wa mazoezi ya viungo hakutucheka.
Alisema watoto walishapimwa, huko nje, makundi mawili:
hawa wakapewa oksijeni iliyoshindiliwa,
wale wakashindiliwa hewa hii hii ya bure, wasijue.
Wote wakasogea kidogo.
Sawasawa.
"Basi nini kiliwasogeza?"
Akakuna shingo kwa kalamu.
"Labda kukaa na mzazi saa nzima, kila siku,
hakuna simu, hakuna mteja.
Labda. Sijui, baba Bukuru."

Baba Bukuru. Kila mtu huniita kwa yule aliyelia.

Saa kumi na moja nafunga karakana.
Wenye baiskeli wanasonya, warudi kesho.
Mkeka, mafuta ya mise, goti taratibu.
Bukuru anahesabu, anaruka kumi na nne makusudi
ili mwenzake acheke, naye hucheka,
kicheko kinachohitaji mwili mzima kukitoa.
Chumba chetu ni huu mkeka,
mlango wake pazia, na shinikizo lake kiganja changu
chenye makovu ya cheche,
kilichozoea kugonga kwanza na kupima baadaye.

Siwezi kusema ubongo umeamka.
Naweza kusema Alhamisi kidole gumba kilifunguka,
kikakaa nje, kikarudi.
Ndani hamkuwa na kitu. Jasho tu, na uzi wa shuka.

Video sijaifuta.
Usiku nikimbeba kitandani ananipumulia shingoni,
haraka haraka, kama aliyefika mbio,
nami nasimama hapo hapo gizani,
nahesabu.