Zamu ya Usiku, Gdańsk

"Vuta pumzi. Ibane."
Nami nyuma ya kioo chenye risasi naibana yangu;
miaka kumi na tisa, sijaacha.

Mzee Bogumił, mchomeleaji wa meli,
kavua medali ya Bikira Maria, kavua meno.
Pete imegoma: kidole kimenenepa tangu harusi.

Mashine inazunguka. Mbavu zinajitokeza,
na ule msumari wa begani aliousahau,
na pale, chini kabisa ya pafu la kushoto,
punje nyeupe
ambayo Machi haikuwapo.

"Pumua."

Anaketi. Skrini haitazami, ananitazama mimi.
"Bi Halina, vipi?"
"Daktari atakusomea."

Vidole vyake vinatetemeka, namfunga vifungo vya shati,
kimoja, kingine, taratibu mno.
Uso nilishaufunga kabla hajauliza.