Maoni Ambayo Hamkuniomba

Hamkuniuliza, lakini nitasema:
filamu za siku hizi zina giza.
Nimejiunga bando la wiki nzima
nikaishia kuutazama uso wangu kwenye kioo cha simu
na kusikia watu wakinong'ona
mahali fulani nyuma ya pua yangu.
Hela ya fundi wa taa kaila nani?

Za zamani ziliwaka.
Hata usiku wake ulikuwa wa buluu,
ungeweza kukaa ndani yake ukachambua choroko.

Tulizionea hapahapa Newala, nyuma ya ghala la chama cha msingi,
banda la mabati la Nandonde,
tivii ya chogo juu ya meza yenye mguu mmoja wa tofali.
Kiingilio shilingi hamsini
au kopo la korosho ghafi.
Mama alipoona gunia linapungua alimlaumu ngedere.
Nami nikamlaumu ngedere, kwa sauti kubwa kuliko yake.

Halafu farasi. Farasi wamekwenda wapi?
Siku hizi mtu anapaa tu, hana sababu,
anatua barabarani, lami inapasuka,
na hakuna anayeulizwa nani ataitengeneza.

Zetu za nyumbani nazipenda, kwa masharti.
Dada analala na wanja, anaamka na wanja.
Mume amepata ajali: ajali hatuioni,
tunaona simu inaita na dada anasema, "Eti nini?"
kisha anaanguka taratibu, asiharibu kitambaa cha kochi.
Na nyumba lazima iwe na ngazi.
Sijamwona hata mmoja akitafuta maji.
Sisi tuliozaliwa juu huku tunajua,
kushuka bondeni na kupanda na ndoo
hiyo tayari ni sehemu ya kwanza na ya pili.

Sasa nifike kwa Mchopa.
Mchopa alisimama kando ya tivii na kijiti chake, akitutafsiria.
Kichina, Kihindi, chochote kilichokuja kwenye mkanda
Mchopa alikielewa,
na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Masasi,
kufuatilia mahari ya dada yake.

Kulikuwa na ile ya mlima wa theluji.
Yule mzee wa ndevu nyeupe, alisema Mchopa,
ni katibu wa chama cha msingi,
amekimbia na malipo ya pili.
Banda zima tukasimama.
"Kijana anamwambia: ulitupimia kwa mzani wa uongo,
leo nakupima mimi!"
Upanga ukapanda,
na petroli ikaisha.

Hakuna aliyetoka.
Mchopa akaimalizia gizani, bila picha, bila haraka:
hela zikarudi, kila mkulima na stakabadhi yake,
mama wa kijana, aliyekuwa kipofu, akafunguka macho
na jambo la kwanza kuliona likawa sufuria imejaa.
Tulirudi majumbani tukitembea kama watu waliolipwa.

Juzi mpwa wangu Awetu kaniletea ileile,
safi, na maandishi chini.
Miaka ishirini na sita.
Mzee si katibu. Ni mwalimu wa kijana, wala hajaiba kitu.
Wanazungumza habari za heshima,
na maua ya mti ambao sijui jina lake.
Upanga unashuka, kijana anakufa palepale,
mama yuko mbali anapepeta nafaka, hana habari.

Awetu alilia. Akasema nyota tano, shangazi, tano kamili.
Sibishi.
Theluji nzuri, imetulia
kama ukungu wa Juni ukijaza Shimo la Mungu.
Waigizaji wazuri. Taa nzuri.

Mimi naipa tatu.
Katibu ameachiwa hivihivi.