Tisa au Arobaini na Tano

Nimetunza silaha za kaunti hii miaka ishirini na sita,
nazihesabu kila Ijumaa kama mama mkwe ahesabuvyo vijiko,
na wiki hii, baridi ya Dakota Kaskazini ikigandisha hata kikohozi,
sherifu akaniambia: Orrin, chagua.
Bajeti inafungwa Jumatatu. Tununue risasi gani?

Tukakutana ghalani kwa Haugen, penye hita ya dizeli.
Jeli nilikuwa nimeipika usiku kucha jikoni kwangu,
mifupa ya ng'ombe iliyosagwa, maji, subira.
Nikaivika jinzi kuukuu, tabaka nne,
maana mtu tunayemwogopa hatembei uchi Januari.

Lyle Skogstad alileta arobaini na tano ya baba yake,
chuma kizito, mpini umelainishwa na viganja vya ukoo mmoja.
"Kubwa ni kubwa," akasema. "Kuni haibishani na shoka."
Kessel alishika arobaini, ile tuliyoinunua
mwaka ambao kila mtu alinunua arobaini,
na ambayo imekula vifundo vya mikono yetu tangu hapo.
Marvella Azure, ambaye glavu zake hununuliwa duka la watoto,
hakusema kitu. Alijaza tisa, moja moja,
hadi kumi na saba, akaziba masikio.

Alipiga sita kabla mtutu wa Lyle haujashuka kutoka ya tatu.
Sita zake ungezifunika kwa kisahani cha chai.
Za Lyle zilitaka sinia,
na moja ilihamia kwenye tairi la trekta.

Tukapima kwa rula ya shule ya binti yangu.
Tisa: inchi kumi na nne na nusu.
Arobaini: kumi na nne na robo.
Arobaini na tano: kumi na tatu na robo tatu,
shimo lake pana zaidi
kwa ukucha wa mtoto mchanga.
Kessel akainama, akapima upya, akafuta miwani, akapima tena.
Miaka thelathini ya mabishano baa kwa baa,
mashemeji wasiopeana chumvi mezani,
na tofauti yenyewe unaweza kuificha chini ya stempu.

"Lakini mtu si jeli," Lyle akasema.
"Najua," nikasema.
Wakanyamaza, kwa kuwa wanajua kwamba najua.

Ilikuwa Machi, kituo cha mafuta, Barabara Kuu Namba Mbili.
Nilikuwa na arobaini. Nilifyatua nne. Moja ilifika.
Zile tatu tulizitafuta kesho yake kwa tochi na koleo:
friji ya maziwa, ukuta,
na moja haijaonekana mpaka leo.
Hiyo naiwaza kuliko iliyofika.
Wapelelezi waliniuliza kipenyo, uzito, kasi, umbali,
nikajibu kama mwanafunzi aliyekariri.
Mama yake alikuja ofisini Mei, koti limekosa kifungo,
akauliza kitu kimoja tu: kama alisema neno.
Alisema. Lilikuwa neno dogo. Nikalimeza.

Jeli haina mama.
Unaikata, unaiangalia kwenye mwanga,
unaona njia yote ya risasi, mwanzo hadi mwisho,
wala haikuulizi ulikuwa umesimama wapi.

Mbwa wa Haugen akaingia, akaanza kulamba vipande.
Tukamwacha, baada ya kuokota risasi
zilizokunjuka kama vizibo vya soda.
Lyle aliifuta bastola ya baba yake polepole,
akairudisha katika soksi ya sufi anamoihifadhia.
"Marvella anapiga vizuri," akasema, kwa soksi.

Nikajaza fomu juu ya boneti ya gari.
Tisa. Makasha arobaini.
Penye sababu nikaandika: bei, na mikono haifanani.
Chini kabisa, mahali pasipoulizwa kitu,
nikaanza kuomba saa za mazoezi maradufu,
wino ukaganda katikati ya neno.
Nikaitia kalamu kwapani, nikangoja.