Majani ya Mukubwa

Shemeji Cirhuza alipopata kazi Kindu
aliniachia kizimba, kopo la ulezi,
na kasuku mdogo wa kijani asiyejaza hata ngumi.
Jina lake Mukubwa.
"Hana taabu huyu," akasema. "Punje na maji, basi."

Mimi ndiye ninayekata ncha ya kidonge cha vitamini kwa mkasi
kule zahanati ya Kadutu, mtoto baada ya mtoto:
matone yanaingia, mama anafuta kidevu.
Mimi ndiye ninayegomba: bugali peke yake si chakula,
jicho linadai majani, ngozi inadai karoti.
Kisha narudi nyumbani, natia ulezi kikombeni.
Miezi minne.

Akaanza kusinzia saa sita mchana.
Tundu za pua zikafanya ukoko,
mkia ukapanda na kushuka kwa kila pumzi.
Nikatazama kikombe: kimejaa.
Nikapuliza.
Maganda matupu yakaruka hadi kitandani.

Kwa Mama Ntakwinja nikachukua fungu la lenga-lenga.
"Leo una wageni?"
"Ninaye mmoja, anadeka."
Nikalifunga kwenye nyaya; akalikimbia kama nyoka.
Karoti niliyokuna, akaikanyaga.
Kiini cha yai, akakipa mgongo.
Jirani akaleta avoka, kwa moyo mweupe,
nikamrudisha nayo mlangoni: kwake hii ni sumu.
Akanuna. Ndege gani wa Bukavu asiyekula avoka?

Siku ya tisa mvua ilinyesha tangu alfajiri.
Nikatundika majani yakiwa bado yanachuruzika.
Akayasogelea kwa ubavu, akajisugua, akaoga,
manyoya yamesimama kama ya kifaranga,
na katikati ya kuoga,
kama mtu aliyeropoka,
akang'ata.

Pengo dogo kwenye jani, upana wa ukucha.
Nikaita nyumba nzima ije ione.
Nyumba nzima ni mimi.

Jana Cirhuza amepiga simu.
"Mukubwa anakula?"
"Majani asubuhi, dirisha likiwa wazi apate jua.
Karoti jioni. Ulezi kidogo tu, namhesabia.
Sasa ananipigia kelele hata nikisali."
Akacheka, kicheko cha mbali, chembamba.
"Na wewe huko, unakula nini?"

Mtandao ukakoroma.
"Bugali," akasema.
"Bugali na..."
Ukakatika.